Jicho Kwenye Geti

Mtu akikwambia hajawahi kumtoroka mtoto, mwangalie vizuri: ama hana mtoto, ama wa kwake analelewa na jirani. Nyumbani kwa fundi Cheche watu wazima wote walikuwa watoro. Bibi mzaa mama akitaka kwenda sokoni, "Angalia ndege!" mjukuu anageuka, bibi anayeyuka. Mama akitaka kuoga kwa amani, "Angalia paka!" Baba mwenyewe alishamaliza wanyama wote wa mtaani akaingia kwenye magari. Kwa hiyo binti yao alipofikisha miaka miwili na miezi minne alikuwa na elimu yake: mtu mkubwa anayekuonyesha kitu anataka kukukimbia. Ukimwambia "angalia" hakugeuka hata kidogo. Alikukamata shati.

Nyumbani walimwita Bosi, na hakuna aliyedhani ni utani.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea, na fani yake hasa ilikuwa mageti. Mikono ilimjaa madoa ya moto kuanzia kiganjani hadi kiwikoni, na nyusi ya kushoto iliungua mwaka alioanza kazi ikarudi nusu. Shule aliiacha ingali asubuhi, kama alivyopenda kusema, lakini pembe ya geti ikipinda kidogo tu alikosa hamu ya chakula. Akipita mtaani alisalimia mageti yake kwanza, wenye nyumba baadaye. "Gari lililigonga lile," angekusimulia hata kama hukumuuliza. "Geti halikusogea. Gari ndilo lililolazwa gereji, siku tisa."

Geti moja tu hakulisalimia. Lilikuwa la kituo cha kulelea watoto, mtaa wa pili. Alilitengeneza miaka mitatu nyuma, Bosi hajazaliwa, na siku ya kukata bamba alikuwa na simu sikioni akibishania penalti. Penalti alishinda. Bamba likapungua upana wa kiganja, geti likabaki na mwanya kutoka upande hadi upande, usawa wa uso wa mtu mzima.

"Fundi, hii ni nini?" aliuliza mkuu wa kituo, mwanamke mfupi ambaye wote walimwita Mwalimu, wakiwemo waliomzidi umri.

"Hewa, Mwalimu. Geti nalo linapumua."

Kwa miaka mitatu Mwalimu alimwomba aje azibe. Kwa miaka mitatu Cheche alijibu "kesho," kwa adabu zote.

Ndipo bibi mzaa mama akaitwa na binti yake mwingine aliyejifungua mapacha, na mama Bosi, mtaalamu wa maabara katika hospitali, akapata barua: likizo yake ndefu imekwisha, aripoti Jumatatu, baada ya wiki mbili, au nafasi apewe mwingine.

"Nimesoma miaka mitatu ili niangalie damu za watu kwenye darubini," alimwambia mumewe. "Sirudi kuangalia sufuria. Mpeleke mtoto kituoni."

Mwalimu aliwapokea vizuri. Hakuwafichia kitu. Wiki ya kwanza ni ya majaribio: siku ya kwanza mzazi anakaa na mtoto, ya pili anaondoka kwa saa moja, kisha saa zinaongezwa. Ijumaa mtoto awe anakula na kulala usingizi wa mchana hapo kituoni. Ikishindikana, hajawa tayari, arudishwe baada ya miezi mitatu, maana foleni ni ndefu.

"Atalia," alisema. "Wote wanalia. Wengi wananyamaza kabla mzazi hajafika barabarani, halafu mzazi ndiye anaendelea. Atawaletea mafua. Siku moja atarudi kang'atwa, na siku nyingine nitawaita niwaambie kang'ata yeye. Hapa atakuwa malaika, na nyumbani atawarushia kijiko, kwa sababu umalaika nao unachosha. Msishtuke. Kila kitu chake kiwekeni alama. Na jambo moja la mwisho: mzazi akiondoka anaaga. Hapa kwetu hatutoroki."

Mama Bosi alimtazama mumewe. Mumewe akatazama dari.

"Na ule mwanya, fundi?"

"Kesho, Mwalimu."

Alama aliweka. Alipiga vibati, akachonga juu yake neno BOSI, akavibana kwenye shuka, kwenye mkoba, kwenye nguo za kubadilisha. Kikombe alikitengeneza mwenyewe kwa chuma kisichoshika kutu. Dada mmoja wa kituo alikipima mkononi akauliza kama mtoto atakinywea au atakijengea.

Jumatatu ilipita kwa raha. Cheche alikaa kwenye mkeka, akajenga mnara wa vitalu ulionyooka kiasi kwamba hakutaka mtoto yeyote auguse. Jumanne akatakiwa kuaga. Alichuchumaa, akafungua kinywa, na kinywa kikafanya kilichozoea.

"Bosi, angalia ndege!"

Bosi akamshika shati kwa mikono yote miwili. Wadada wawili walimbandua, kidole kimoja kimoja, na bingwa wa mageti akatoka mbio bila kusema hata neno la heri.

Nje hakufika mbali. Alikuta umati. Alikuwepo baba mmoja wa benki na tai yake, mama mmoja muuza vitambaa, na mzee mmoja mfupi, babu wa mtu, aliyesimama juu ya tofali aliloleta kutoka nyumbani. Wote walikuwa wamegandisha uso kwenye ule mwanya. Rangi ya geti ilikuwa imetoka mahali pa pua. Kazi pekee aliyoiharibu maishani ndiyo iliyokuwa na wateja wengi kuliko zote.

"Mzee, sogea, zamu yangu," alisema mama wa vitambaa.

"Mimi ndiyo kwanza nimefika."

"Umefika saa moja kamili, na tofali lako!"

Cheche alijipenyeza. Bosi alikuwa amenyamaza. Alikuwa amepewa ndoo ya maji na kitambaa, anaosha gari la plastiki kwa makini. Baba akavuta pumzi ya shukrani, na pumzi ile ikamponza: Bosi aliinua kichwa akaona jicho, na juu ya jicho, nusu nyusi anayoifahamu. Alipiga yowe lililowaingiza na wenzake kumi na sita, wakiwemo ambao hawakujua kinacholiliwa.

Jumatano mambo yakawa yale yale. Cheche alijiambia atachungulia mara moja tu, na akachungulia mara moja, ila ilichukua dakika arobaini.

"Amekula?" aliuliza mama Bosi jioni.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ameiona sahani."

"Baba Bosi, mbona nasikia kuna jicho?"

"Jicho gani?"

"Mtaa mzima unalisema. Sikiliza, mume wangu. Jumatatu mimi nakwenda kazini. Mtoto akikataliwa, utabaki naye wewe, pamoja na huyo ndege wako."

Alhamisi asubuhi, Cheche akiwa amekwisha kupata nafasi nzuri kati ya tai na tofali, aliguswa bega. Mwalimu alikuwa ametokea mlango wa jikoni.

"Fundi. Njoo ndani."

Alimfuata kichwa chini. Mwalimu alimpitisha jikoni, akamsimamisha nyuma ya dirisha la chumba cha michezo, pale ambapo watoto hawakumwona.

"Usiwaangalie watoto. Angalia geti lako."

Cheche akaangalia. Kwa upande wa ndani halikuwa geti baya. Mistari ilinyooka, bawaba zilikaa sawa. Kisha kwenye mwanya likatokea jicho. Jicho peke yake. Halikuwa na mdomo wa kusema neno wala mkono wa kupunga. Likapepesa. Likatambaa taratibu hadi mwisho wa mwanya, likarudi. Likaja la pili, chini kidogo, likatulia.

Mtu aliyecheza na moto miaka ishirini alirudi nyuma hatua moja.

"Yule nani?"

"Baba yake huyo wa shati la kijani. Wa benki. Mtu mpole mno."

"Mbona anatisha hivyo?"

"Na yeye ana nyusi zote mbili," alisema Mwalimu.

Mtoto wa shati la kijani aliweka kitalu chake chini, akaanza kulia.

"Akili yake inamwambia baba yuko hapo na hataki kuja," alisema Mwalimu kwa sauti ya chini. "Ukimuaga ukaenda, anajua umekwenda, anaanza kusubiri urudi. Ukining'inia pale hujaenda wala hujabaki. Afanye nini sasa na jicho?"

Cheche hakusema "kesho." Alitoka kwa mlango ule ule wa jikoni, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amerudi na mkokoteni, mashine ya kuchomelea, nyundo na bamba alilolipima mara tatu, simu ikiwa imezimwa. Mwalimu aliwaingiza watoto chumba cha nyuma wakale, akafunga mlango kwa ajili ya cheche za moto. Bosi alikuwa ndani, na hiyo ilikuwa siku ya nne hajaonja chakula cha kituo.

Wachunguliaji walipoona bamba, walikuja juu.

"Fundi, tumekukosea nini?" alilalamika mama wa vitambaa.

"Wewe mwenyewe ulikuwa hapa jana!" alisema wa benki. "Mzazi mwenzetu kabisa!"

"Acha basi tundu la msumari," babu alisihi. "Moja. Usawa wangu."

"Mzee, chukua tofali lako nenda kapumzike," alisema Cheche, akavaa miwani ya kazi.

Alianza upande wa kulia. Alichomelea, akagonga, akachomelea. Kila pigo la nyundo lilimuuma, maana alijua kelele ile inafika chumba cha nyuma, na alijua masikio ya nani yanaisikia. Sehemu ya mwisho ilipobaki upana wa vidole viwili alisimama. Angeweza kutazama mara moja, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Alishusha miwani usoni akaziba.

Alipogonga geti ili arudishe waya wa umeme, alifunguliwa na yule dada aliyepima kikombe, uso mzima unacheka.

"Fundi, umeyasikia ya mwanao?"

"Amelia?"

"Nyundo ilipoanza, wote walishtuka. Wa shati la kijani akaanza kulia, na wenzake wakakaza midomo tayari kumfuata. Bosi akasimama juu ya mkeka, akawaambia: 'Ni baba. Anafanya kazi. Atakuja.' Akakaa, akala chakula chake chote. Kisha akamlisha yule wa kijani."

"Alisema nitakuja?"

"Atakuja. Hivyo hivyo."

"Rudia tena, dada yangu, nyundo imeniziba masikio."

Akarudiwa mara tatu. Masikio hayakuwa na tatizo lolote.

Ijumaa alipiga goti mlangoni. "Bosi, baba anakwenda kazini. Ukiamka usingizini, nakuja." Bosi alilia, hilo hatulifichi, alilia machozi na makamasi. Lakini mikono ikaachia shati yenyewe, bila kubanduliwa, akampa dada kidole. Cheche akaondoka kwa miguu yake, hakukimbia. Siku hiyo mteja mmoja alifika karakana kuulizia dirisha, akaondoka na habari za mtoto aliyetuliza wenzake kumi na sita. Alipofika nyumbani ndipo alipokumbuka kwamba hakuulizia dirisha.

Alasiri Cheche aliwahi kuliko wazazi wote. Mwalimu alikuwa mezani na daftari lake.

"Amekula. Amelala saa moja na nusu. Mwambie mama Bosi aende kazini kwake, huyu Jumatatu ni wetu."

Cheche aliitikia kwa kichwa, akaenda kumtafuta mwanawe. Bosi alikuwa uani, mikono imezama kwenye ndoo, akisugua magurudumu ya gari lile la plastiki. Alimwona baba yake mzima, kuanzia viatu hadi nyusi na nusu. Hakukimbia. Hakulia.

"Baba, subiri," alisema. "Bado tairi moja."

Baba akasubiri. Wazazi wengine walipoanza kuingia, wa benki, wa vitambaa, na babu bila tofali, hakuna aliyepita bila kushikwa mkono na kuonyeshwa.

"Yule pale, mwenye ndoo," Cheche aliwaambia mmoja mmoja. "Amesema nisubiri. Ana kazi."