Droo Arobaini za Shemeji

Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu, aliajiriwa katika jengo la simu akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, akastaafu akiwa na hamsini na tano. Katika miaka hiyo yote kazi yake ilikuwa kuunganisha sauti za watu ambao hakuwahi kuwaona. Ndiyo maana mpaka leo anaitwa Opareta, hata na wale waliozaliwa baada ya mitambo ile ya kuchomeka nyaya kung'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Siku mitambo ilipong'olewa alikwenda kuiaga. Alirudi na mfuko uliojaa vipande vidogo vya umeme alivyookota sakafuni, akaumwaga juu ya meza ya chakula, na kaka yangu akala siku hiyo akiwa amepakata sahani mapajani.

Kaka alikuwa seremala, na hakuwa mtu wa kugombana. Alichoka kula hivyo, akamtengenezea mkewe kabati la droo arobaini, kila droo ikitosha kuingiza vidole vitatu. Lilikuwa ndilo jambo la upole kuliko yote niliyopata kumwona akimfanyia mtu, na nilimjua tangu tukilala kitanda kimoja. Alipofariki, kabati lilibaki palepale sebuleni, upande wa dirisha.

Tulikuwa wanne tuliokutana kwa Opareta kila Jumamosi mchana kuunda vidude vya umeme. Mwenyeji ni yeye. Wa pili ni Fundi Saa, mwenye kibanda chake karibu na posta, ambaye vidole vyake ni vinene lakini hushika skrubu ndogo kuliko sisimizi. Wa tatu ni Kinyozi, mdogo wetu kwa umri, mwenye mdomo usiopumzika. Wa nne ni mimi, niliyefundisha sayansi katika shule ileile ya misheni iliyonilea, na ambaye kwa kazi za mikono ndiye niliyekuwa wa mwisho darasani.

Kila mmoja wetu aliagiza vifaa kwa posta kutoka mbali, na kifurushi kilichukua wiki sita, pengine kumi. Kilipofika hukukifungua peke yako. Ulikileta kikiwa kimefungwa, na mihuri yake, ukakiweka mezani, na wote tukatazama kikifunguliwa, kwa kuwa furaha ya kupata taa kumi ndogo za rangi haitoshi kwa mtu mmoja. Kinyozi alikiuka sharti hilo mara moja tu, akafungua chake mlangoni mwa posta. Aliadhibiwa kuosha vikombe mwezi mzima.

Sharti la pili halikupata kutamkwa na mtu. Kifaa tulichokitumia kuliko vyote ni risista, kijiti kidogo kama punje ya mchele, ambacho kazi yake ni kuuzuia umeme usipite ovyo. Kiasi cha kuzuia hakiandikwi kwa tarakimu. Huonyeshwa kwa pete za rangi: kahawia, nyeusi na nyekundu ni elfu moja, kahawia, nyeusi na rangi ya machungwa ni elfu kumi. Sisi wengine tuliihakikisha kila risista kwa mita, ambayo huonyesha tarakimu. Opareta aliitupia jicho tu, akaitia droo yake. Kwa hiyo kilichotoka katika droo za Opareta hakikupimwa. Kukitia mita mbele yake ilikuwa kama kukinusa chakula mbele ya aliyekipika.

Mwaka mmoja Opareta alipokea mfuko mkubwa wa risista elfu moja zilizochanganyika, masalia ya kiwanda fulani. Tulimshangilia. Alikaa nazo wiki nzima akizipanga, na Jumamosi iliyofuata Fundi Saa akajichotea alizozihitaji.

Fundi Saa alikuwa akitengeneza kidude cha kusikilizia saa. Kilikuwa kopo la rangi ya viatu, ndani yake kipande cha shaba chembamba: unaiweka saa ya mkono juu yake, nacho kinaikuza sauti ya mapigo mpaka unasikia kama saa inachechemea. Alikileta baada ya siku saba akiwa amenuna. Kilivuma kama nyuki aliyefungiwa chupani.

"Nimekifumua mara tatu," alisema. "Mchoro ni sahihi. Sielewi."

"Mkono wako umezeeka, bwana," Opareta akamwambia.

"Mkono huu huu ndio uliotengeneza saa yako."

"Ndiyo maana inachelewa."

Tulicheka, naye akacheka. Lakini nilimwona Fundi Saa akivitazama vidole vyake kwa namna ambayo sikuipenda, na nikamwomba nikae na kopo lile siku chache.

Nyumbani nililifungua, na kwa kuwa mimi ni mzito wa mambo, nilipima kila kitu kimoja kimoja. Risista tatu zilizopaswa kuwa za elfu moja zilikuwa za elfu kumi. Pete zake za mwisho zilikuwa na rangi ya machungwa iliyo wazi kabisa. Hapo nikakumbuka niliyoyaona bila kuyaangalia: kiti cha shemeji kilikuwa kimesogea mpaka kikagusana na dirisha, na mara mbili alikuwa amemimina chai kando ya kikombe na kumsingizia Kinyozi kuwa ameitikisa meza.

Nilikwenda kwa Kinyozi, nikamkuta Fundi Saa amekaa kwenye kiti ananyolewa, nikawaeleza.

"Afadhali," Fundi Saa alisema, akavuta pumzi. "Maana nilishaanza kufikiria kufunga kibanda."

"Basi mwambie, Mwalimu," Kinyozi akasema. "Wewe ndiye shemeji."

"Nikimwambia atalifunga kabati. Na akilifunga kabati, amefunga na mlango."

Mpango tuliouzaa pale haukustahili watu wa umri wetu, nami naona haya kuuandika: Kinyozi amtoe Opareta nje kwa kisingizio cha kuuangalia waya wa redio uani, na sisi wawili tuzipange droo upya kimyakimya, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka kosa lifutike bila yeye kujua kwamba liliwahi kuwepo.

Jumamosi ile tulipiga magoti mbele ya kabati na mita yake mwenyewe. Fundi Saa ana tabia ya kugusanisha ncha mbili za mita kila mara, kuhakikisha kwamba i hai, nayo hulia. Tulikuwa tumemaliza droo mbili nilipohisi kuna mtu mlangoni.

"Mita hiyo ni yangu," Opareta alisema. "Naisikia hata nikiwa uani."

Nyuma yake Kinyozi alikuwa ameinua mikono, kuonyesha kwamba alijitahidi.

"Mmeanza lini kunipima?"

"Leo, shemeji," nilijibu. "Lakini tunajua tangu wiki iliyopita."

Alipapasa kiti chake, akakaa. Hakuonyesha hasira, na hilo lilituumiza zaidi.

"Daktari anasema ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Nyekundu, kahawia, machungwa, kwangu siku hizi zote ni chai. Kuna orodha ya kusubiri upasuaji, nami nimo."

"Mbona hukusema, mama?" Fundi Saa aliuliza.

"Niseme nini? Kaka yake huyu alipofariki, watu walijaa hapa. Wakapungua, wakaisha. Mliobaki ni ninyi, na mlibaki kwa ajili ya vijiti hivi. Nikisema sivioni tena, Jumamosi mtakuja kufanya nini?"

"Mimi hujia chai," Kinyozi alisema.

Opareta akanyoosha mkono, akaichomoa droo ya kwanza, akaimwaga mezani. Akaichomoa ya pili.

"Ngoja, mama," Fundi Saa alimshika kiwiko. "Nyingine ni nzuri."

"Zipi?"

Ukiacha zile tatu za kopo na droo mbili za siku hiyo, kwa miaka yote tuliyochota humo hatukuwahi kupima hata moja. Fundi Saa akaachia kiwiko. Droo zote arobaini zikamwagwa, na lundo likawa kama uchafu wa ufagio, lenye rangi za kila aina.

"Haya. Nani anaondoka na kabati?"

"Kwangu litajaa nywele," Kinyozi alisema haraka.

"Mke wangu ameapa kikiingia kitu kingine, mimi natoka," alisema Fundi Saa.

Nami nikasema nyumba yangu ina mchwa.

"Waongo watatu," Opareta alisema. Lakini alibaki amekaa, na mikono yake ilikuwa imetulia juu ya meza, kila mmoja upande wake wa lundo.

Fundi Saa aliokota risista moja. Aliishika mita kwa mkono wa pili, kisha akasita, kwa kuwa mazoea ya miaka mingi hayamwachi mtu kwa dakika moja. Akanitazama. Opareta hakuisikia mita ikilia, akaisukuma mpaka ikamgusa Fundi Saa kifuani.

"Pima. Na useme kwa sauti, mimi si kiziwi."

"Elfu kumi," Fundi Saa alisema.

Opareta alikinga kiganja, akaipokea. Alizihesabu nafasi za kabati kwa kidole kutoka kushoto, akarudisha droo moja mahali pake, akaitia risista humo.

"Nyingine."

Tulipima kwa zamu mpaka kivuli cha dirisha kikafika ukutani. Zamu ya Kinyozi ilipofika alikuwa ameshaanza kutusimulia habari ya mteja wake mmoja, akatia ncha za mita bila kukata hadithi.

"Nne nukta saba," alisema.

"Nne nukta saba nini?"

Kinyozi akaisogeza mita karibu na pua, akaitazama kwa makini kwa mara ya kwanza, akaiona alama ndogo ya elfu kando ya tarakimu.

"Elfu. Elfu nne na mia saba."

"Mwenye macho ni wewe, mwanangu," Opareta akamwambia, akikinga kiganja. "Yatumie."