Ufuo wa Madamu Odile

Roselyn alizaliwa Budalang'i, mahali ambapo mtoto hufunzwa kuuogopa mto Nzoia kabla hajafunzwa kusalimia wageni. Kakake, Wabwire, alichukuliwa na mafuriko angali kijana, na tangu hapo mama yao hakumruhusu mtu wa nyumba hiyo kuingia maji yaliyopita magoti.

Kwa hivyo alipopata kazi Ufaransa, ya kumtunza ajuza aliyeitwa Madamu Odile, alishangaa kuona watu wakienda mtoni kustarehe. Kilikuwa kijiji cha mashamba. Chini yake mto ulijikunja ukaacha ufuo mdogo wa changarawe, miti imeinamia maji, na siku za kazi hapakuwa na mtu ila wao wawili. Madamu Odile, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia, aliketi kwenye kiti cha kukunja akimwelekeza: lala chali, legeza shingo, maji yatakubeba. Kiangazi cha kwanza Roselyn alikataa. Cha pili akajaribu, akameza maji, akakohoa, na yule mzee akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Cha tatu alielea. Masikio yakiwa ndani ya maji hakusikia kitu, na mbingu yote ilikuwa yake.

Kisha Madamu Odile akafariki, wanawe wakauza nyumba, Roselyn akarudi kwao. Sasa anauza mitumba mjini Busia, kando ya barabara ya mpakani, malori yakipiga honi kutwa. Watu humuuliza kama anatamani vyakula vya wazungu. Hucheka tu. Anachotamani ni ule ukimya, na hajui amweleze nani.

Januari, mvua ikiwa imekatika, alienda Budalang'i kumwona dadake, Leonida. Waliposhuka mtoni kufua, Roselyn aliona mahali maji yalipotulia nyuma ya fungu la mchanga. Akavua viatu, akaingia na gauni lake, akalala chali.

Leonida alidhani amezama. Aliziacha nguo, akaingia mpaka kifuani, yeye ambaye hakuwa ameugusa mto hivyo tangu wamzike kaka yao, akamkamata mkono.

"Unataka nizike mwingine?"

Roselyn alimwomba msamaha. Wakaketi mchangani, nguo zikichuruzika maji. Leonida akauliza aliwezaje kujifunza jambo kama lile, mtu mzima.

"Kulikuwa na mtu ameketi kando, ananiangalia."

"Basi rudi majini," Leonida akasema. "Mimi nimeketi."

Jioni hiyo, amerudi Busia na nywele hazijakauka, Roselyn alitaka sana kumweleza mtu. Akachukua simu. Namba iliyomjia kichwani ilikuwa ya nyumba ile ya Ufaransa, ambayo sasa ina wenyewe wengine. Akaibonyeza yote, akaitazama kwenye kioo, kisha akaifuta tarakimu moja moja.