Ajali Nne za Igoma

Mama aliyeniletea daftari alikuwa anauza sato wa kukaanga Igoma, kando ya barabara ya Musoma. Kila ajali iliyotokea mbele ya meza yake aliiandika: tarehe, pikipiki au gari, nani kaumia. Wakazi walikuwa wameomba tuta, wakaambiwa walete ushahidi. Mimi ndiye niliyekuwa nashughulikia takwimu pale ofisi ya barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, hesabu."

Niliingiza kurasa zake zote kwenye kompyuta. Kwa wastani zilikuwa ajali mbili kwa mwezi. Mwezi uliopita zilitokea nne, na ya nne ilimuua fundi cherehani aliyekuwa anakaa meza ya jirani. Nikatumia mtawanyo wa Poisson, unaopima matukio kama hayo yanaweza kufikia mangapi kwa bahati tu. Niliandika mstari mmoja wa programu, nikabonyeza. Katika kila miezi saba, mmoja unaweza kufika ajali nne au zaidi bila chochote kubadilika barabarani. Ili ikubali kwamba ajali zimeongezeka, ofisi ilitaka usizidi mwezi mmoja katika ishirini.

Nikajaribu kuhesabu kwa wiki, kisha majeruhi badala ya ajali. Nilijua ninachofanya: natafuta namba ya kumfurahisha. Nikaona aibu, nikafuta, nikabaki na jibu la kwanza.

"Mama, inaonekana inaweza kuwa imetokea tu."

"Imetokea tu vipi? Yule dereva alikuwa anakimbiza gari. Nilimwona."

"Najua. Ila hii inaona idadi, haioni mwendo."

Aliitazama skrini kwa muda, kana kwamba itaongeza neno.

"Na zile mbili za kila mwezi, hizo ndiyo sawa?"

Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nililiandikia aya nzima kwenye ripoti. Mkuu wangu akaifuta. "Tumeulizwa kama zimeongezeka," alisema, "basi." Ikatoka barua kwamba wakazi waendelee kukusanya taarifa.

Nilimpelekea mwenyewe. Aliisoma polepole, vidole vyake vikiacha alama za mafuta pembeni mwa karatasi.

"Sasa zikifika ngapi ndiyo zitatosha?"

Nilikuwa nimeshakokotoa. Sita kwa mwezi.

"Sijui, mama," nilisema.

Akanifungia samaki wawili kwenye gazeti, nikashindwa kuwakataa. Nikasimama ukingoni mwa barabara muda mrefu, nikisubiri magari yapungue ili nivuke.