Mamba Aliyefundishwa Kumfuata Mtu

Jua la Julai halijapanda juu ya majani ya kinamasi, na tayari Arletha Grayson amelowa jasho. Ametulia kwenye mtumbwi wake, darubini machoni, mbu wanamla shingo. Juu yake miti imejaa korongo na yangeyange, makinda wanalilia chakula. Chini ya miti, macho mawili yanaelea.

"Huyo ndiye askari wetu," ananong'ona. "Akiwepo mamba, rakuni, wale wezi wa viotani, hawathubutu kuogelea kuja kula makinda."

Arletha ni binti yangu. Kila kiangazi hifadhi ya ndege humwajiri kuangalia ndege: nani ametaga, nani ameangua, nani amekufa. Kinda akianguka, mamba humla, hiyo ndiyo ada yake ya ulinzi. Hapa kisiwani tumekua hivyo, mamba na mambo yake, mtu na mambo yake.

Mwaka huu yamegeuka. Kaka yangu Abram, mvuvi wa kaa, akirudi gatini hugonga ndoo ubavuni mwa boti ili shingo za kuku zilizobaki kwenye chambo zidondoke majini. Mamba akaanza kuja kila akisikia ndoo. Abram akacheka, akamwita Shemasi, eti hakosi sadaka. Watoto wetu nao wakaanza kugonga.

Wiki iliyopita mtumbwi wa Arletha ulivuja. Akawa anachota maji kwa kopo, likagonga ukingo. Yale macho yakageuka, yakamjia moja kwa moja.

"Nilipiga maji kwa kasia, Mama, hata hakushtuka," aliniambia. "Alifungua mdomo akangoja."

Alirudi polepole, mamba nyuma yake mpaka gatini. Abram alikuwa hapo anapanga mitego, nami nikamkabili.

"We Abram, mnyama wako nusura amle mwanangu!"

"Aa, dada nawe! Shemasi ana adabu kukushinda."

"Adabu ya mdomo wazi?"

"Basi mwanao asigonge-gonge."

"Mjomba," Arletha akamkata, "wakubwa wa hifadhi wakimwona anafuata watu watampiga risasi. Akifa, rakuni wanaingia, viota vyote vinabaki vitupu. Na huenda kabla ya risasi awe ameshamshika mtu. Aliye karibu naye kila siku ni nani?"

 Kesho yake Abram alirudi na shingo zake nyumbani, lakini mamba alikuwa bado pale, amekaa kando ya boti anasubiri.

Nimemsihi Arletha aache kazi hii. Hataki. Anasema makinda hawajaweza kuruka, na asipokuwepo hakuna atakayejua wangapi wamepona.

"Nipeni mwezi mmoja tu Shemasi asipewe kitu," anasema. "Atasahau watu, aanze tena kutazama juu mitini."

Wazazi wenzangu, huo mwezi mpeni. Chambo kilichobaki kitupeni jalalani, na watoto wenu waiteni watoke gatini. Mwanangu yuko majini.