Zamu ya Maji ya Ijumaa Jioni

Sadock Mbwambo alikuwa na duka la kompyuta pale Same mjini, hatua chache kutoka stendi, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyemtikisa. Alitoa kopi, alipiga picha za pasipoti, alifufua laptopu za walimu, na juu ya hayo yote aliuza mfumo. Wengi hawakujua mfumo ni kitu gani hasa, lakini walijua anao Sadock, na hilo lilimtosha.

Kisha akaja Isihaka, akapanga chumba upande wa pili wa barabara, na raha ikaisha.

"Shikamoo, kaka Sadock!" Kila asubuhi, kwa sauti ya kusikika hadi stendi.

"Marahaba," Sadock alijibu, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Isihaka alikuwa na miaka ishirini na saba, mtoto wa muuza kandambili wa hapohapo mjini. Chuo hakukanyaga. Alijifunza kuandika programu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na sasa wachuuzi wa samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu walikuwa wakipanda hadi Same kumfuata yeye. Kazi zake zote alizifanya kwa programu huria, zile ambazo aliyeziandika ameziacha wazi: yeyote azichukue, azifungue aone zilivyoshonwa, arekebishe, na marekebisho ayarudishe kwa wote. Programu hakuiuza. Alilipwa kwa kuiweka, kuitunza na kufundisha watu kuitumia.

"Mtu anayegawa bure, ama ana njaa ama ana wazimu," Sadock aliwaambia wateja wake. Ila njaa Isihaka hakuwa nayo, maana alishanunua pikipiki. Na wazimu, kama ulikuwepo, ulikuwa wa kumfanya acheke peke yake mbele ya kompyuta, chai ikipoa pembeni hadi inafanya utando. Sadock alimwona kupitia dirishani, na hapo ndipo wivu ulipomuuma kuliko kote. Wateja wangeweza kurudi. Lakini yeye mara ya mwisho kuisahau chai yake ilikuwa lini?

Alikumbuka vizuri tu. Ilikuwa chuoni Arusha, alipoacha chakula cha mchana siku nne mfululizo akiandika programu ya kukokotoa saa ya machweo kwa kila Ijumaa ya mwaka, ili mama yake kule Mamba milimani ajue Sabato inaingia saa ngapi hata siku za mawingu. Hakuna aliyemlipa. Aliichapa kwenye karatasi, mama akaibandika ukutani. Baada ya hapo Sadock alijifunza biashara, na hakuandika tena kitu asichoagizwa.

Huko Mamba ndiko kulikozuka balaa lenyewe. Kikundi cha wakulima wa tangawizi kilikuwa kikitumia mfumo wa Sadock kupanga zamu za maji ya ndiva, lile bwawa la udongo lililochimbwa na mababu. Mfumo ulimtumia kila mkulima ujumbe wa simu: zamu yako siku fulani, saa fulani. Sadock aliufunga kwa namba ya siri inayokufa kila mwaka, ili kila mwaka wamfuate. Mwaka huu ikafa katikati ya kiangazi, Sadock akiwa harusini Moshi, simu kaizima. Siku tatu hakuna aliyejua zamu ni ya nani. Watu nusura washikane majembe.

Mwenyekiti wa kikundi, mzee Wilbard, hakupiga kelele. Alimwita Isihaka, wakakubaliana wajaribu programu yake mwezi mmoja. Jumapili ya mwisho wa mwezi kikundi kingekaa na kuchagua: warudi kwa Sadock au wabaki na Isihaka. Na Sadock aliijua milima ile. Mamba wakichagua, vikundi vingine vyote hufuata.

Basi Jumatatu ya wiki hiyo akafunga duka mapema, akaipakua programu ya Isihaka yote. Hakuiba, ilikuwa wazi kwa kila mtu. Alikuwa anatafuta uchafu. Akasoma mstari kwa mstari, na kadiri alivyosoma ndivyo roho ilivyomuuma, maana ilikuwa kazi safi. Mpaka alipofika penye Sabato.

Akacheka kwa sauti.

Isihaka alikuwa ameambiwa kwamba Wasabato hawafungulii maji Jumamosi, naye akaandika hivyohivyo: Jumamosi, tangu saa sita usiku hadi saa sita usiku. Mtu wa Mamba angejua kwamba Sabato inaanza Ijumaa jua linapozama. Zamu ya Ijumaa jioni ilianza saa kumi na mbili na kwisha saa mbili usiku, na programu iliigawa kama zamu nyingine yoyote. Wiki zilizotangulia iliwaangukia Walutheri, hakuna aliyegundua. Ijumaa hii ingeziangukia nyumba sita za Wasabato.

Marekebisho yalikuwa mistari michache. Ile hesabu ya machweo alikuwa nayo bado. Aliiandika palepale, akaijaribu, ikakubali. Alipoinua kichwa, chai yake ilikuwa imepoa. Akaitazama kidogo. Kisha akahifadhi kazi yake, akazima kompyuta, na hakumwambia mtu. Ijumaa Isihaka ataumbuka, na Jumapili nitasimama mimi, aliwaza.

Ijumaa saa kumi jioni simu ikaita. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, nimepata ujumbe. Zamu yangu ni leo jioni, Sabato inaingia. Siwezi kushika jembe, na tangawizi imeshaanza kuwa njano. Mwambie huyo kijana anibadilishie."

Sadock alitazama ng'ambo ya barabara. Isihaka alikuwa ameketi mlangoni, anamwelekeza mama mmoja kwenye simu. Ilikuwa ni kuvuka tu.

"Huo si mfumo wangu, mama," alisema. "Mimi sina uwezo nao."

"Basi, baba. Mungu anajua."

Sheria ya ndiva haina huruma: zamu uliyoiacha imepotea, usubiri ya wiki mbili zijazo. Jioni ile nyumba sita hazikufungua maji. Ndiva ikajaa, ikamwagika, maji yakateremka bondeni yakimwagilia mawe.

Jumapili ofisi ya kikundi ilijaa hadi madirishani. Watu wa zile nyumba sita walikaa mbele, nyuso zimekunjamana, mama yake Sadock katikati yao. Isihaka alisimama, akasema kosa ni lake, na kwamba tangu jana anatafuta lilipo bado hajalipata.

Hapo Sadock akainuka. Alikuwa amevaa koti.

"Hajalipata!" alisema. "Ndugu zangu, haya ndiyo mambo ya bure. Kosa liko penye Sabato. Kwake Jumamosi inaanza saa sita usiku!" Watu wakacheka, wengine kwa hasira. Sadock akanogewa. Akafungua laptopu, akawaonyesha mistari yake, saa za machweo zikipanda kwenye kioo. "Yeye siku mbili hajaona kitu. Mimi nililiona tangu Jumatatu, na dawa yake niliiandika Jumatatu hiyohiyo!"

Isihaka alikuwa ameinama kwenye kioo, anasoma. "Aisee, kaka," alisema, macho yanamng'aa, wala hakukumbuka kuona haya. "Hii ya machweo ni kali. Umeikokotoaje?"

Lakini watu hawakuwa wakitazama kioo tena. Mama yake Sadock alikuwa amesimama.

"Jumatatu?" aliuliza.

Sadock akaanza kuifunga laptopu.

"Ijumaa nilikupigia, Sadock. Uliniambia huna uwezo nao."

Hakupaza sauti. Aliketi tu, akajifunga vizuri kanga yake. Sadock alitamani sakafu impasukie.

Mzee Wilbard alikohoa. "Hapa kwetu, anayeona ufa kwenye ndiva akanyamaza, tunamfanyaje?"

"Faini!" wakajibu wote. Na faini ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, inajulikana: mtu anazibua mfereji peke yake, wengine wamekaa. Programu ya Isihaka ikabaki. Hata kura hawakupiga.

Jumatano Sadock alikuwa mferejini, matope magotini, aliposikia pikipiki. Isihaka akashuka na jembe begani.

"Wewe hukupigwa faini," Sadock alisema.

"Kosa lilikuwa langu pia. Halafu, kaka, ile mistari yako nimeiingiza. Nimeandika na jina lako hapo juu, kila atakayeichukua ataliona." Akaanza kuchimba. "Sasa niambie, jua likizama nyuma ya mlima, unahesabu vipi?"

Sadock alimtazama. Wivu ulikuwa palepale kifuani, wala haukusogea. Kijana huyu alikuwa hajui hata kununa! Lakini swali lilikuwa zuri, na miaka ishirini hakuna aliyewahi kumuuliza. Akajikuta anachora kwenye matope kwa mpini wa jembe.

Zamu mpya ilipotoka, Sadock alikuwa kwa mama yake. Simu ikalia mezani, chini ya ile karatasi ya machweo iliyogeuka rangi ya majani ya chai. Mama akasoma polepole: zamu yako ni Alhamisi, saa kumi na mbili jioni.

"Safari hii wameijua Sabato," alisema. "Hii ni kazi ya nani? Yako au ya yule kijana?"

Sadock alitaka kusema yangu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Yetu," akasema.

Mama akaelekeza kidole pembeni ya mlango, jembe lilipokuwa.

"Basi leo ndiyo Alhamisi. Nenda kafungue maji."