Mama Alivyomnunia Mungu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, magunia ya sukari yalimporomokea baba kwenye godauni moja kule Shimanzi, akafa pale pale. Waumini wenzetu walijaa nyumbani kwetu Buxton wakimwambia mama, "Mungu ni mkuu, hakosei." Mama akawamiminia chai. Mimi ningewafukuza.

Jumapili ya kwanza baada ya maziko alivaa gauni lake la kanisani, tukaenda. Yeye ndiye aliyezoea kuanzisha nyimbo, kwa sauti iliyofika barabarani. Siku hiyo watu walisimama kuimba ukuu wa Mungu, naye akasimama, mdomo kaufunga kama mtu aliyejaza maji kinywani. Ikawa hivyo hadi Krismasi ikapita.

Siku moja tukirudi nilimuuliza kwa hasira, "Mama, kama huimbi, twaenda kufanya nini?"

"Nimemnunia," akasema.

"Basi si tukae nyumbani!"

"Nyumbani kwa nani? Kote ni kwake. Hata baba yako alikuwa wake. Mtu hununa kwao, mwanangu."

Mwaka jana nilimzika mama. Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani, nikasimama na wenzangu, mdomo nimeufunga.