Muhogo wa Pembeni

Ule ulikuwa mwaka wa bada na mchunga. Watu wa Tanga wa umri wangu hawahitaji kalenda kuukumbuka. Mvua za masika zilinyesha siku chache zikakata, za vuli hazikuja kabisa, na unga wa sembe ukapanda mpaka wenye ajira nao wakaanza kuulizia makopa, muhogo mkavu. Asubuhi chai ya rangi, mchana kimya, jioni bada, ule ugali wa muhogo unaovutika kama mpira, na mchunga, mboga ya porini, uliochemshwa ukamwagwa maji mara mbili ukabaki na uchungu wake vilevile. Mapapai tuliyapika mabichi. Nilimkuta mwanamke wa heshima zake hapa Makorora anaokota maganda ya ndizi sokoni. Akaniambia ni ya mbuzi. Mbuzi hana. Nami nilikuwa nimeinama palepale.

Wakati huo tayari nilikuwa na bustani. Si yangu, ya mtaa. Kilikuwa kiwanja nyuma ya shule, zamani jalala, watu wakitupa nepi na chupa. Kamati ya mtaa iliamua watoto wafundishwe kulima hapo, ikatafuta mtu wa kuwafundisha. Watu wazima wengi wa mjini hawajui hata mbegu ya mchicha inafananaje, basi wakaja kwangu. Shule yangu iliishia darasa la nne. Lakini nimezaliwa Bondei, upande wa Muheza, na jembe nililishika kabla ya kalamu.

Watoto walikuwa kama thelathini. Wiki tatu za mwanzo tuliokota vigae tu. Kisha nikawafundisha kupiga matuta, kutandaza samadi ya mbuzi iliyokaa, si mbichi, mbichi inaunguza, na kumwagia kwa kopo lililotobolewa matundu chini. Mbegu nilitaka kila mtoto aitie ardhini kwa kidole chake mwenyewe. Aliyechimba kirefu mno nilimfukulisha. "Unazika au unapanda?" nilikuwa nawaambia, nao wanacheka. Nilikuwa mkali, na mchicha uliota. Wazazi waliokuwa wakinipita bila salamu wakaanza kuniamkia shikamoo kutoka ng'ambo ya barabara, nami naitikia marahaba huku nimenyoosha shingo. Sikatai, nilijiona.

Msimu wa kwanza tuliibiwa. Viazi vitamu vilikuwa tayari, nimewaambia watoto Jumamosi tunavuna, Jumamosi tunafika tunakuta matuta yamepasuliwa kama tumbo la samaki. Watoto wakasimama na vikapu vyao. Msichana mmoja wa miaka kumi, ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, akaniuliza, "Bibi, sasa tumemlimia nani?"

Swali lile lilinikera siku nyingi. Hapo ndipo nilipofanya nililofanya.

Kwetu Bondei shamba la muhogo halipandwi hivihivi. Mama yangu alikuwa akipanda safu mbili za muhogo mchungu pembeni, kuzunguka shamba lote, na mtamu ndani. Nguruwe huanza kufukua pembeni, anauma, anakereka, anaondoka. Mwizi naye ni hivyohivyo, hana muda wa kuingia katikati. Ule mchungu haupotei, unamenywa, unalowekwa, unaanikwa, unasagwa bada. Kule kila mtu anajua kwamba muhogo wa pembeni hautafunwi. Na watoto hawaambiwi kwa mdomo, wanalambishwa. Mama alikwangua kwa kisu kipande kidogo kama ukucha, akakiweka kwenye ulimi wa kila mmoja wetu, akasema, "Onja, tema, sukutua. Ulimi wako usisahau." Ulimi wangu haujasahau mpaka leo.

Nikamwagiza mtu wa Muheza anayeuza vipando kwa baiskeli. Namfahamu miaka mingi, mtu mpole, ana mguu mmoja mfupi. Alileta mizigo miwili: mmoja umefungwa kwa katani, mmoja kwa kamba ya mgomba.

"Dada, wa katani ndio mchungu," akaniambia. "Usije ukachanganya, hapa ni mjini."

"Wewe nani alikufundisha muhogo?" nikamwambia. "Nimeujua kabla hujazaliwa."

Akacheka, akapanda baiskeli yake.

Tulipanda siku ile ile, mtamu ndani, mchungu pembeni, upande wa njia na upande wa shule. Muhogo ulipokomaa nikawapanga watoto mstari ili niwalambishe. Yule msichana hodari alikuja na mdogo wake, hajaanza shule, labda miaka mitano, kashika sketi ya dada yake. Mtoto asiyetulia. Wakati wenzake wako mstarini yeye alikuwa kwenye kitalu cha bamia, anang'oa mche, anautazama mizizi, anaurudisha, anang'oa mwingine.

"Unafanya nini wewe?"

"Naangalia kama umeota, bibi."

"Ukiuangalia hivyo utaota mbinguni. Toka. Rudi kwenu ukakue kwanza. Na nisikuone unakanyaga humu ndani."

Hakulia. Alipangusa mikono kwenye gauni akaenda zake. Mimi nikarudi mstarini kuwalambisha wengine. Walikunja nyuso, walitema, walisukumana kugombea maji, mmoja akasema huu ni muhogo au dawa ya minyoo. Tulicheka sana. Mwishoni nikawauliza, "Wa pembeni?" Wakajibu wote, "Hautafunwi." Nikaridhika kwamba nimefundisha.

Njaa ilipokolea, bustani ilitulisha. Muhogo wa ndani tuliuchemsha kila Jumamosi kwenye sufuria la msiba tuliloazima msikitini, watoto wakala wakashiba, wengine wakajificha kipande mfukoni cha kupeleka nyumbani, nami nikajifanya sioni. Wezi walikuja. Tulikuta mashina mawili yameng'olewa upande wa njia, mihogo imeumwa ikatupwa. Niliiokota nikawaonyesha watoto alama za meno. Nilijisifu mbele ya kamati nzima kwamba bustani yangu haihitaji mlinzi.

Jua likiwa kali miezi mingi, muhogo mchungu huzidi uchungu na sumu. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Ilikuwa siku ya shule, saa za asubuhi. Yule msichana hodari yuko darasani, mama yake yuko kibaruani Chumbageni anafulia watu nguo. Yule mdogo alitoka peke yake akaja bustanini. Nilimwambia asikanyage ndani, na hakukanyaga ndani. Alama za miguu yake niliziona mwenyewe baadaye, zote ziko njiani. Alifukua kwa mikono shina la pembeni, akachukua muhogo mmoja, akaenda nao kwao, akaumenya kwa meno na kisu, akaupaka chumvi na pilipili, kama wauzavyo muhogo mbichi stendi. Pilipili ikafunika uchungu. Au haikufunika, akala hivyohivyo. Jana yake kwao hawakuwa wamepika.

Jirani alimkuta uani anatapika. Akasema ni degedege. Mwingine akasema ni jicho. Nilipoitwa nikaona ganda la muhogo kando ya kinu, jekundu kwa ndani namna ya ule wangu. Nikasema huyu apelekwe hospitali, amekula muhogo mchungu. Wakampakia kwenye pikipiki katikati ya jirani na dereva, kichwa kinalegea huku na huku. Kabla ya alasiri habari ilirudi. Walikuwa wamejitahidi.

Msibani nilikwenda. Wengine walinishauri nisiende, nikaenda, nikakaa mkekani na wanawake. Mama yake alikuwa amekaa ukutani, kafunga kanga kiunoni kama mtu anayetaka kuanza kazi. Akaniita nisogee.

"Bibi, dada yake ananiambia uliwalambisha wote."

"Niliwalambisha."

"Na huyu wangu?"

"Huyu sikumlambisha. Nilimfukuza."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anang'oa bamia."

Akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi, hata kwa kofi, na ningelipokea. Hakunitukana.

"Bamia," akasema. Kisha akageuka akawauliza wenzake kama maji ya kuoshea vyombo yameletwa. Tangu siku hiyo hajanisemesha tena, na tunapishana njia moja.

Baada ya wiki wakubwa wa mjini walitaka maelezo ya maandishi. Nikaitwa ofisi ya mtaa. Walikuwepo mwenyekiti, ambaye kwa umri ni mwanangu, na wajumbe wawili, mmoja mwanamke. Karatasi ilikuwa tayari imeandikwa. Mwenyekiti akanisomea polepole, kana kwamba mimi ni kiziwi. Ilisema kwamba muuzaji wa vipando alileta mbegu iliyochanganyika, na kwamba mwalimu wa bustani hakujua.

"Andika jina lako hapo chini tu, bi mkubwa," akasema. "Mambo yaishe."

"Hakuchanganya. Aliifunga mbalimbali na akanionya."

"Tunajua. Lakini yule si mtu wa hapa. Watamwita, atajieleza, basi."

"Vijana wa sokoni wameshamvunjia baiskeli kwa maneno ya mitaani tu. Kukiwa na karatasi watamvunja nini?"

Mjumbe mwanamke akavuta pumzi. "Haya, huo ndio ubishi wa Kibondei sasa. Bibi, hebu fikiri. Ukisema ulijua, bustani inafungwa. Watoto thelathini wanakula pale. Na mjukuu wako mmojawapo. Huyo aliyekufa hatarudi hata ukiandika kurasa kumi."

"Kweli," nikasema.

"Basi?"

Sikuwa na jibu la watoto thelathini. Ningekuwa mwongo nikidai nilikuwa nalo. Nilitazama ile nafasi waliyoniachia chini, wameipigia mstari kwa rula. Kuandika jina langu najua, darasa la nne linatosha kwa hilo, na mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa mwenyekiti. Nilimfikiria yule mtu wa baiskeli na mguu wake mfupi, hawezi kumkimbia hata kuku. Nikamfikiria yule mtoto, wataandika kwamba amekufa kwa mbegu iliyochanganyika, kitu ambacho hakikuwepo duniani. Amekufa kwa sababu ya safu mbili nilizozipima kwa hatua zangu mwenyewe, na kwa sababu nilitaka mstari wangu usivurugwe.

Nikamwambia mwenyekiti, "Siandiki. Muhogo ule niliupanda mimi, na nilijua ni mchungu."

Bustani ilifungwa kesho yake. Wakaleta vijana wakang'oa kila kitu, mtamu na mchungu, hawajui huu wala ule, wakarundika njiani. Nilisimama kuwaambia watoto wasiguse hata kipande, na walikuwa wananitazama mimi, wanatazama rundo, wana njaa. Muhogo ambao ningeweza kuwatenganishia kwa macho tu uliozea pale, ukanuka mtaa mzima. Nilikuwa nimekatazwa kuugusa. Wazazi waliacha kuniamkia. Mmoja alimwambia mwanawe kwa sauti ya mimi kusikia, "Usipokee kitu kwa yule bibi, hata pipi." Yule msichana hodari aliacha kuja kwangu, na akiniona kwenye bomba la maji anaweka ndoo yake chini, anasubiri mpaka niondoke. Mjukuu wangu nilikuwa namkorogea uji wa maganda ya muhogo yaliyokaushwa, na chakula hicho sijawahi kukisema kwa mtu.

Miezi miwili baadaye mwenyekiti akaja nyumbani. Safari hii alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alikaa, akakataa maji, akatoa karatasi ileile, imekunjwa mara nne, pembe zimeanza kuchakaa. Akasema wakubwa wako tayari kuifungua bustani. Mbegu ya mahindi ya muda mfupi ipo, na mabomba yatavutwa mpaka pale. Wanachongoja ni maelezo tu. Yule muuzaji mwenyewe, akasema, haonekani tena Tanga, huenda amehama, kwa hiyo nani ataumia? Alisema kwa upole na nadhani alimaanisha. Naye ana watoto, walikuwa mstarini kwangu siku ile ya kulambishwa.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anasikiliza. Ana miaka minane, miguu imekuwa kama vijiti vya mishikaki.

"Bibi," akasema, "si uandike tu?"

Nilimtazama. Nikataka kumwambia mambo mengi, lakini mtoto mwenye njaa haambiwi mambo mengi. Mwenyekiti alikuwa ameshaweka kalamu juu ya karatasi, akaisogeza kwangu kwa kidole kimoja, taratibu.

Nikairudisha.

"Siandiki. Muhogo ule niliupanda mimi, na nilijua ni mchungu."